Visanduku Vinne

Saa nne usiku, Igoma. Luku inasoma
uniti mbili na nusu. Nimezima friji,
nimeacha kompyuta.
Natunga fumbo la wiki ya tano, darasa la tatu:
maneno kumi ya Kiingereza, mlalo na wima.
Watalifungua Jumamosi kwenye simu za mama zao
kabla bando halijakata.

Orodha niliyopewa ilikuja na kasri,
na mbweha, na moto unaowaka ndani ya ukuta wa sebule.
Nani hapa anakoka moto sebuleni?
Nikafuta kasri, nikaweka jiwe.
Mawe tunayo. Yamefika hadi mlangoni,
mengine yamebeba nyumba za watu mgongoni
kama mama aliyechelewa kliniki.

Theluji niliiacha, kwa ubishi tu.
Kidokezo: nyeupe, baridi, hushuka kutoka juu.
Nkwabi akajirekodi kwenye simu, nyuma yake mashine zinanguruma:
"Mwalimu, hiyo naijua. Inamwagika kwenye bomba
pale kiwandani, wanafukia sangara.
Mama huniletea kipande, nakimumunya.
Kina ladha ya samaki.
Kwa Kiingereza ndiyo hiyohiyo?"
Nilicheka, kisha nikaacha kucheka.
Nikampa alama.

Lakini usiku huu nimekwama kwenye neno moja.
L, A, K, E.
Kidokezo nimekiandika mara tatu.
Maji mengi yasiyo na chumvi: nikafuta, chumvi ya nini?
Liko nyuma ya soko: nikafuta.
Panda jiwe lolote, utaliona.
Hapo nikaacha.

Nililijaribu kwa watoto kumi na mmoja.
Tisa wameanza na R.
Kwa Kiingereza hiyo ni reki, ya kukusanyia majani makavu,
na mashine ikawapaka nyekundu, mara tisa,
bila kuchoka.

Wameonywa mno kuhusu L
hata wanakimbilia R kama mtu akimbiaye mvua
akaingia mtoni.
Nawajua. Ulimi wangu umezaliwa Magu,
kule L na R hulala mkeka mmoja
na hakuna anayevuta shuka.
Darasa la tano niliandika: Baba amekwenda kupiga kula.
Rula ya Mwalimu Rwegoshora
ikashuka kwenye vifundo vya vidole, upande wa chuma.
Wiki iliyofuata nikaandika:
Nina njaa, nataka kura.
Ikashuka tena.
Mpaka leo, kwenye kikao cha walimu,
nachagua maneno yasiyo na zote mbili.
Jaribu wewe. Utaongea kidogo sana.

Wadudu wa ziwani wamepenya wavu uliochanika,
wameufuata mwanga, wametua kwenye skrini,
weusi, wadogo kuliko nukta.
Mmoja amekaa kisanduku cha kwanza.
Si L, si R.
Sikumpuliza.

Nikaingia ndani ya programu, mstari wa mia na arobaini,
palipoagizwa nyekundu. Nikaweka rangi ya dagaa
walioanikwa asubuhi, bado hawajakauka.
Palipoandikwa Umekosea
nikaandika: Umegonga kwa jirani.
Jaribu mlango wa pili.

Halafu nikaongeza neno ambalo halikuagizwa.
Wakaguzi watauliza, somo ni Kiingereza, hili limetoka wapi?
LAKE imelala, kama maji yanavyolala.
ZIWA nimeisimamisha juu yake,
ishuke herufi kwa herufi
mpaka kisanduku cha pili,
zikutane kwenye A,
herufi ambayo sijasikia mtoto yeyote
amepigwa kwa ajili yake.

Nikabonyeza kuhifadhi.
Kiduara kikazunguka, kikazunguka,
na Luku ikalia mara moja, kwa adabu.
Giza.
Yule mdudu nadhani bado yuko palepale.
Sijui kama imehifadhiwa.